Gunia la Viraka: Akina Mama wa Gee's Bend

Kila fundi cherehani ana gunia lake chini ya meza. Humo hutupwa vipande vinavyobaki baada ya kukata gauni la kitenge au kaptura ya shule: ncha, pembe, ukanda mwembamba usiotosha hata mfuko wa shati. Gunia likijaa, vipande huuzwa kwa bei ya kutupa vikajazwe kwenye mito, au huchomwa moto. Juma hili napenda niwaelezeni habari za akina mama ambao vipande kama hivyo viliwafikisha kwenye majumba makubwa ya sanaa. Kabla ya hapo viliwasaidia katika jambo lililo kubwa kuliko sanaa, nalo ni kupata mahali pa kuishi kwa wale waliofukuzwa makwao kwa kosa la kutaka kupiga kura.

Akina mama hao ni wa Gee's Bend, kijiji cha watu weusi katika wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Mto Alabama umekizunguka pande tatu, na barabara ya kuingilia ni moja tu. Wakazi wengi huitwa Pettway. Si kwamba wote ni wa tumbo moja. Mark Pettway alinunua shamba la pamba la hapo mwaka 1845, na watumwa wake wakabaki na jina lake hata baada ya utumwa kwisha.

Kazi yao ni kushona mifarishi. Mfarishi una tabaka tatu: juu ni kitambaa kilichoungwa kwa viraka, katikati pamba, chini kitambaa cha kawaida. Tabaka hizo hushikanishwa kwa uzi unaopenya zote tatu, mstari kwa mstari, kitanda kizima. Nyumba za zamani za hapo zilikuwa za mbao zenye nyufa, na kuta zilibandikwa magazeti kuzuia upepo. Usiku wa baridi, watoto walilala chini ya mifarishi kadhaa kwa pamoja. Kwa hiyo mama aliyeunga viraka hakuwa akijipumbaza. Alikuwa akiwakinga wanawe na kichomi.

Viraka vyenyewe vilitoka katika nguo za shamba zilizochakaa, na katika magunia ya mbolea na unga. Magoti ya suruali yaliyopauka yaliachwa yalivyo, na mahali palipokuwa na mfuko paliacha alama ya bluu iliyokoza. Mwaka 1942, Missouri Pettway alifiwa na mumewe. Alizichukua nguo zake za kazi, akazikata, akazishona mfarishi wa kujifunika ili aendelee kuwa naye. Binti yake Arlonzia, aliyekuwa msichana wakati huo, ndiye aliyekuja kusimulia habari hiyo. Mfarishi huo upo hadi leo, na madoa yake.

Sasa sikilizeni jinsi kazi ilivyogawanywa, maana hapa ndipo urafiki ulipokaa. Kuunga viraka vya juu ilikuwa shughuli ya mtu mmoja. Mama alikaa kwake peke yake, akapanga rangi kama moyo wake ulivyomtuma, wala hakuna jirani aliyemwambia weka nyekundu hapa. Waliita kushona kwa njia yangu. Lakini juu ikishakamilika, fremu ya mbao hutandazwa na wenzake huja na sindano zao. Huketi pande zote nne, wakaimba nyimbo za kanisani, wakaomba, wakaulizana nani mgonjwa na nani ana mashaka. Watoto walikaa chini ya fremu, kama chini ya hema, wakiitwa kutunga uzi kwenye sindano kwa ajili ya wenye macho yaliyochoka. Mfarishi wa huyu ukiisha, huhamia kwa yule. Hakuna aliyelipwa. Ukishonewa leo, kesho wewe ndiye unayebeba sindano. Nadhani wasikilizaji waliokaa barazani wakisuka ukili na wenzao hawahitaji kuelezwa zaidi.

Urafiki huo ulijaribiwa, tena si mara moja. Mwaka 1932, mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha wanakijiji alifariki, na mjane wake akaamua kukusanya madeni yote kwa mkupuo. Watu wake walizoa mahindi, mifugo, majembe, kila kilichobebeka, katika familia zipatazo 60. Msalaba Mwekundu ulileta chakula. Baadaye serikali ya Rais Roosevelt ilinunua ardhi ile ikajenga nyumba mpya, na katika miaka ya 1940 wakulima wengi waliuziwa mashamba yao. Kwa watu weusi wa kusini hilo lilikuwa jambo la nadra: mwenye ardhi yake hafukuzwi na bwana shamba.

Ndiyo maana vuguvugu la haki za kiraia lilipowafikia, walijitokeza. Kujiandikisha kupiga kura kulifanyika Camden, ng'ambo tu ya mto. Mwaka 1962 kivuko kikaondolewa. Safari ya kuvuka maji ikageuka mwendo wa gari wa karibu saa nzima, kuzunguka mto, na wengi hawakuwa na gari. Martin Luther King alifika kijijini Februari 1965 kuwatia moyo. Wakaenda kujiandikisha, na adhabu ikafuata katika wilaya ile: wengine walinyimwa mkopo dukani, wengine kazi, na waliokuwa wapangaji kwenye mashamba ya wazungu wakatolewa vyombo nje.

Mwishoni mwa mwaka huo huo, Francis Walter, kasisi mzungu wa Kanisa la Kianglikana aliyekuwa akifuatilia visa hivyo, aliona mifarishi mitatu imeanikwa kwenye kamba. Aliposimamisha gari, mwenye nyumba alikimbilia msituni. Kumwona mzungu mgeni siku zile hakukuwa habari njema. Kasisi hakukata tamaa. Alitafuta fedha, akarudi kununua mifarishi kwa dola 10 mmoja, akaipeleka New York kunadiwa. Machi 1966 washonaji wa Gee's Bend na vijiji vya jirani wakaunda ushirika wao, Freedom Quilting Bee. Meneja wake kwa miaka mingi alikuwa Estelle Witherspoon. Ushirika ulinunua ekari 23, ukajenga karakana, na sehemu ya ardhi hiyo ukaziuzia familia nane zilizokuwa zimefukuzwa makwao.

Hata hivyo biashara haina huruma na njia yangu. Maduka makubwa ya New York yalitaka mifarishi inayofanana, mishono sawasawa, rangi zilizoagizwa. Mshono uliopinda ulifumuliwa ukarudiwa. Wako akina mama waliokubali kwa sababu mshahara ni mshahara, na wako waliokaa kando wakaendelea kushona walivyozoea. Mwaka 1972 kampuni ya Sears iliagiza foronya za kodrai, kazi ya kurudiarudia isiyo na raha yoyote. Lakini mabaki ya kodrai yalikwenda majumbani, na humo yakageuka mifarishi ya kahawia, kijani na dhahabu ambayo leo wataalamu huitazama kwa mshangao. Nakiri kwamba mimi huifurahia hiyo kuliko yote.

Umaarufu ulikuja mwaka 2002, mifarishi ilipoonyeshwa Houston na kisha New York katika jumba la Whitney, ukutani, kama michoro. Fedha zikaingia, na maneno nayo yakaingia. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji walifungua kesi wakidai hawakupata haki yao katika mauzo na matumizi ya kazi zao, na mwaka uliofuata zikamalizwa kwa mapatano. Kijiji kidogo hakipiti katika jambo kama hilo bila watu kununiana. Ushirika wenyewe, ukiwa umebaki na wazee wachache, ulifungwa mwaka 2012.

Kivuko kilirudi mwaka 2006, miaka 44 tangu kiondolewe, na mwaka huo huo posta ya Marekani ilitoa stempu kumi zenye picha za mifarishi yao. Tangu Oktoba 2022 kijiji kimeanzisha sikukuu ya kuanika mifarishi. Kamba hufungwa mbele ya nyumba, mifarishi hutundikwa, wageni husimamisha magari yao na wenye nyumba hutoka kuwapokea na kuwatajia bei.