Mtoto wa Kulea Kutoka Ng'ambo: Usimfiche Asili Yake

Kwetu Sirari nchi ya nje si mbali, ukivuka mpaka tu uko Isebania, Kenya. Wengi wetu tuna jamaa huko, na jamaa akifariki mtoto wake huletwa huku alelewe. Ni jambo la kheri. Tatizo ni pale mtoto anapopewa ubini wa mlezi, majirani wakaambiwa ni wa kuzaliwa, na sisi matabibu tukaambiwa hivyo hivyo.

Mama mmoja alileta mtoto wa miaka miwili, viganja na nyayo zimevimba, analia kwa maumivu. Nikamuuliza kama kwao au kwa mumewe kuna selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita. Akasema hakuna, na kwa kweli hakuna. Tukatibu malaria, akarudi, tukatibu tena. Mara ya tatu aliletwa na shangazi, ndipo tukajua kuwa alizaliwa ng'ambo na kaka yake wa tumbo moja alifariki kwa kuishiwa damu. Kipimo kikaonyesha selimundu. (Nakiri, uvimbe ule pekee ulitosha kunifanya nipime.) Mtoto wa namna hii huhitaji penisilini kila siku mpaka atimize miaka 5, foliki asidi, maji mengi na kulala ndani ya chandarua. Miezi ilikuwa imepotea bure.

Na dini haikutaka siri hiyo. Uislamu haukukataza kulea, uliokataza ni kumbadilishia mtoto nasaba. Surat Al-Ahzab, aya ya 5, yaamrisha waitwe kwa baba zao, na ndiyo maana Zayd akarudi kuitwa Zayd bin Haritha. Malezi haya ndiyo kafala, na Kenya imeyatambua katika Sheria yake ya Watoto ya mwaka 2022. Basi kabla ya kumvusha mtoto, onana na ofisi ya watoto upande wa Kenya na ustawi wa jamii upande wetu. Akiletwa bila karatasi, taabu utaiona siku ya kutafuta cheti au pasipoti.

Uliza pia kitabu chake cha kliniki. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, na za surua za miezi 9 na 18, zipo nchi zote mbili, hivyo haanzi upya. Kama hajafika miaka miwili nawe unanyonyesha, pimeni kwanza virusi vya Ukimwi, wewe na yeye. Kwa madhehebu ya Shafi, akinyonya mara tano kamili anakuwa mwanao wa kunyonya, na akikua hana tatizo la kuwa maharimu.

Nyumbani, wiki za mwanzo zina mambo yake. Aliyekuwa haikojolei kitanda ataanza kukikojolea. Usimchape wala usimwite kikojozi. Tandika nailoni chini ya shuka, asubuhi fua shuka na umwoshe, twahara imepatikana. Wengine huficha ugali au chapati chini ya mto kwa kuogopa njaa waliyoijua. Ukimpokonya ataficha zaidi. Mpe kopo lenye mfuniko, liwe lake, panya na sisimizi wasiingie, na umwambie kesho pia kutapikwa. Kila jioni mwondolee kilichochacha, naye akiwa anaona, umwekee kingine.