Katapila linachemka: anza na rejeta kabla ya kununua spea

Msikilizaji wetu mmoja ametutumia ujumbe kuhusu katapila la zamani linalochimba lambo la kijiji chao. Kila baada ya saa moja ya kazi mshale wa joto unaingia kwenye nyekundu, opereta anasimamisha, watu wanakaa. Fundi amewaambia wanunue pampu ya maji na gasketi ya hedi. Wameshachanga mara mbili, lambo limefika nusu, na mvua haiko mbali.

Kabla ya kuchanga mara ya tatu, angalieni uchafu. Katapila linatembea polepole ndani ya vumbi lake lenyewe. Halipati upepo wa mwendo kama gari, linategemea feni tu. Vumbi likikutana na oili inayovuja na majani makavu, linaganda kwenye mapezi ya rejeta kama udongo wa kukandika nyumba. Kwa nje unaweza kuona pasafi, kumbe katikati pameziba. Injini ikishapoa, puliza kwa kompresa au maji yasiyo na nguvu sana, kinyume na upepo wa feni unakoelekea.

Kagua pia mkanda wa feni, ukilegea unateleza. Halafu minya mpira wa chini wa rejeta: uliochoka hunywea injini ikikimbia, na maji hayapiti. Mfuniko wa rejeta nao watu huudharau. Kazi yake ni kubana mgandamizo ili maji yasichemke mapema. Huko Njombe, karibu mita 2000 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Mfuniko usiobana huko ni hasara.

Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko ndani ya injini, kama ule wa birika la chai. Kulanti ni bora; ikikosekana, maji ya mvua yana nafuu. Na themostati ising'olewe kama wengi wanavyofanya. Itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni: isipofunguka hadi maji yanachemka, nunua nyingine.

Gasketi iliyoungua ina dalili zake. Washa injini ikiwa baridi, mfuniko ukiwa wazi: mapovu yakitoka mfululizo kwenye rejeta, au oili ya injini ikawa kama chai ya maziwa, hapo fundi ana hoja.

Lakini joto linaweza kuwa linatoka kwenye giaboksi. Katika makatapila mengi yenye konveta, oili ya giaboksi inapozwa na maji yale yale ya rejeta. Oili ikipungua, filta ikiziba au klachi zikiteleza, joto lote linahamia kwenye maji, na injini inalaumiwa bure. Pima oili kwa kufuata kitabu cha mashine, kwa sababu nyingine hupimwa injini ikiwaka na nyingine ikiwa imezimwa. Oili yenye harufu ya kuungua ibadilishwe pamoja na filta. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na kipozeo cha oili ndicho cha kushuku kwanza. Unapomwaga, tazama chujio au sumaku: unga laini wa chuma ni uchakavu wa kawaida, vipande ni gia au beringi inayokatika. Usiendelee kusukuma udongo.

Cheni zilizokazwa kupita kiasi nazo huichosha injini. Opereta wengi hukaza wakidhani wanazitunza.

Mashine ikichemka, inua bleda, acha injini iungurume taratibu dakika chache ipoe, isipokuwa kama maji yamemwagika yote. Hapo zima mara moja. Usifungue mfuniko ikiwa ya moto, mvuke unababua uso. Wala usimwage maji baridi ndani, hedi hupasuka, na hiyo ndiyo gharama itakayowashinda.

Msikilizaji wetu tumemwomba aanze na rejeta kesho asubuhi, injini ikiwa baridi. Akitujibu, tutawaambia hewani.