Nyumba 10E9 Imelipa Kodi, Lakini Excel Haioni

Kama unakusanya kodi kwa Paybill, kisa hiki kinakuhusu.

Mwezi jana tulipigiwa simu na mteja anayesimamia ploti ya nyumba za kupanga. Alikuwa amekasirika, na hatumlaumu. Mpangaji wa 10E9, yaani jengo la 10, upande wa E, mlango wa 9, alikuwa amemwonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu. Pesa zilitoka, msimbo wa muamala upo. Lakini kwenye stetimenti aliyopakua kwetu, 10E9 haikuwepo popote. Kufuli ya kumfungia mpangaji nje ilikuwa imeshanunuliwa.

Tukamwomba atutumie hiyo faili. Pesa zilikuwa zimefika, ila jina la nyumba ndilo lililopotea. Kwenye safu ya akaunti kulikuwa na malipo mawili yaliyoandikwa 1.00E+10. Moja lilikuwa la 10E9, lingine la jirani wa 1E10.

Ni hivi: Excel ikiona tarakimu, halafu herufi E, halafu tarakimu tena, inadhani wewe ni mwanasayansi. Kwake 1E10 ni 1 na sufuri 10, na 10E9 ni 10 na sufuri 9. Hesabu zote mbili zinatoa bilioni 10, kwa hivyo nyumba mbili zikawa nambari moja. Upande wa B na C haukuwa na shida. Upande wa E ni mpya, ndiyo maana hakugundua mapema.

Wengi wetu tukiona hivyo tunakimbilia kubadilisha seli ziwe "Text". Umechelewa. Utapata 10000000000, na hapo hakuna wa kukuambia ilikuwa nyumba gani. Na ukihifadhi juu ya faili ya kwanza, itabidi upakue stetimenti upya.

Kwa hivyo usifungue faili ya CSV kwa kuibofya mara mbili. Fungua Excel tupu, nenda "Data", kisha "From Text/CSV", uchague faili yako. Bonyeza "Transform Data", chagua safu ya akaunti, badilisha aina yake iwe "Text". Ikikuuliza, jibu "Replace current", halafu "Close & Load". Safu ya kiasi cha pesa iache kama nambari, la sivyo hutaweza kujumlisha.

Ukiandika kwa mkono, ifanye safu iwe "Text" kabla ya kuandika chochote. Kwa seli moja tu, tanguliza alama ya ritifaa: '10E9. Kwa Google Sheets ni "Format", "Number", kisha "Plain text". Njia hiyohiyo inaokoa nambari za simu, maana 0712 ikiingia kama nambari inapoteza sufuri ya mbele.

Lakini sisi tungependa ubadilishe misimbo yenyewe. Anza na herufi, na kila nambari iwe na tarakimu mbili: E1009 na E0110. Hapo Excel haina cha kukisia, na orodha inajipanga vizuri. Jihadhari tu na herufi zinazofanana na miezi ya Kiingereza, kwa sababu MAR10 itageuzwa kuwa tarehe. Hata wanasayansi wenyewe hawakupona: mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilieleza kwamba imebadilisha majina kama SEPT1 kuwa SEPTIN1, kwa sababu programu hizi zilikuwa zinayafanya Septemba.

Mteja wetu alipakua stetimenti upya tukiwa naye kwenye simu, na malipo yote mawili yakaonekana. Sasa anaandikia wapangaji wa upande wa E nambari zao mpya. Kufuli, anasema, bado iko kwenye droo.