Nani Aliufungua Mlango?

Tuchukue mfano wa ghala la dawa la zahanati, tuseme huko Kiegeani, kisiwani Mafia, lenye funguo tatu mikononi mwa watu watatu. Dawa zikipungua, wote hushukiwa, maana kitasa cha chuma hakina kumbukumbu.

Kitasa cha elektroniki kinayo. Kadi yake haina betri, bali koili ya waya na chipu ndogo. Kifaa cha mlangoni hutoa uga sumaku unaogeuka-geuka, aghalabu mara 125,000 au milioni 13.56 kwa sekunde, nao huzalisha mkondo katika koili kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Chipu hutaja namba yake. Namba na saa huandikwa. Kadi ikipotea, namba hufutwa. Ila daftari hilo huijua kadi, halimjui mtu: aliyemwazima mwenzake ndiye atakayeandikwa.

Na umeme ukikatika? Kitasa kinachoshikwa kwa sumaku-umeme huachia mlango; aliyemo ndani huokoka moto ukizuka, lakini dawa hubaki wazi. Kinachohitaji umeme ili kuvuta komeo hubaki kimefungwa. Ghala lifungiwe hicho, kiwe na mkono wa kufungulia kwa ndani.