Kumpima Rubani Mpya: Utangulizi

Leseni ya rubani binafsi, ambayo marubani huiita PPL, humruhusu mwenye nayo kurusha ndege na kubeba abiria, mradi halipwi kwa kazi hiyo. Anayeitafuta hufanya mitihani ya karatasi, kisha mwisho kabisa hupanda ndege pamoja na mtahini. Hapo ndipo inapoanzia taaluma ninayokukaribisha. Mtahini ana saa moja au mbili tu angani. Hatakuwepo siku mvua ya masika itakapofunga njia ya Limuru, wala siku upepo wa ubavuni utakapovuma Malindi, wala siku shemeji atakapohimiza waondoke upesi kwa kuwa arusi inaanza saa nane. Hata hivyo ni lazima ashuke akiwa na uamuzi: je, mtu huyu akabidhiwe roho za watu?

Wanaolichunguza suala hili hutoka pande nyingi. Mwanafizikia huja na hewa, mhandisi na injini, mwanasaikolojia na woga na kiburi, mwanasheria na kanuni. Wote wanakutana kwenye swali moja: kwa muda mfupi hivyo, utazame nini ili ujue ukweli wa miaka mingi ijayo? Utangulizi huu una jibu lake. Mikono hupimwa, na ipimwe. Lakini kinachotafutwa hasa ni kama mtahiniwa ameushika uongozi wa safari, au bado anangoja kuongozwa.

Mwanzoni jibu halikuwa hilo. Royal Aero Club ya Uingereza ilipoanza kutoa vyeti vya urubani mwaka 1910, cha kwanza kikienda kwa J.T.C. Moore-Brabazon, wapimaji walikaa uwanjani wakitazama juu. Mkataba wa Paris wa 1919 uliandika mtihani wa aina hiyohiyo kwa mataifa: mtahiniwa awe peke yake ndani ya ndege, azunguke nguzo mbili zilizoachana mita 500 akichora namba nane mara tano, na katika jaribio jingine atue bila msaada wa injini, asizidi mita 150 kutoka mahali palipowekwa alama. Ulikuwa mtihani wa mkono na moyo. Hakuna aliyemuuliza kwa nini ameamua kuruka siku ile.

Mkataba wa Chicago wa 1944 ndio uliozaa utaratibu wa leo. Kiambatisho chake cha kwanza kinahusu leseni, na mamlaka za anga za Kenya, Tanzania na Uganda hutunga kanuni zao kwa kukifuata. Kinataka mwombaji awe ametimiza miaka 17, awe na cheti cha afya, na awe ameruka saa zisizopungua 40, au 35 ikiwa amesomea kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa. Kati ya hizo, 10 awe peke yake, na 5 za hizo ziwe za safari za kutoka uwanja hadi uwanja. Safari mojawapo ifike kilomita 270, akitua na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Mzunguko wa Nairobi, Nakuru, Nanyuki na kurudi Nairobi unatosha na kusaza. Saa hizi ni tiketi ya kuingilia tu. Zinasema mwanafunzi amekuwa angani kwa muda gani. Hazisemi amejifunza nini.

Somo la kwanza ni hewa yenyewe, na Afrika Mashariki ina darasa zuri. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kimo hicho ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi. Joto likifika nyuzi 27 za Selsiasi, mabawa na injini hufanya kazi kana kwamba ndege iko juu ya futi 8,000. Injini ya kawaida ya ndege ndogo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Kipima kasi kikionyesha noti 65 wakati wa kutua, ndege kwa kweli inakata hewa kwa zaidi ya noti 70, kwa hiyo inahitaji njia ndefu zaidi ili isimame. Aliyejifunzia Mombasa akaja Wilson na hesabu za pwani anaweza kuona miti ya mwisho wa uwanja ikimkaribia upesi kuliko alivyotarajia. Ndiyo maana mtahini, kabla hata injini haijawashwa, humwambia mtahiniwa apige hesabu ya uzito, joto na urefu wa njia, kisha aeleze hesabu hiyo inamwambia afanye nini.

Somo la pili ni bawa. Wanaoanza hudhani ndege huanguka kwa sababu imepunguza mwendo. Wolfgang Langewiesche, katika kitabu chake Stick and Rudder cha mwaka 1944, aliwafundisha marubani wa kawaida kuitazama pembe ambayo kwayo bawa hukutana na hewa. Pembe hiyo ikizidi kiasi, bawa hupoteza uwezo wa kunyanyua, na jambo hilo laweza kutokea kwa mwendo wowote. Ndege inayopoteza mnyanyuko kwenye noti 50 ikiruka sawasawa, itaupoteza karibu na noti 60 ikigeuka kwa mlalo wa digrii 45 bila kushuka. Katika mlalo wa digrii 60 uzito unaobebwa na mabawa huwa mara mbili. Kwa sababu hiyo mtihani una kona kali, una kuruka polepole, na una kuiacha ndege ipoteze mnyanyuko kwa makusudi ili mtahiniwa aonyeshe jinsi ya kuirudisha. Kosa hili likitokea karibu na ardhi, kwenye kona ya mwisho kabla ya kutua, hakuna kimo cha kulirekebisha.

Kisha huja wakati ambao kila mwanafunzi anaungoja kwa mashaka. Mtahini hurudisha mkono wa nguvu nyuma na kusema injini imekufa. Mtahiniwa hushika kwanza mwendo unaoipeleka ndege mbali zaidi bila injini, hutafuta mahali pa kutua, huangalia upepo unakotoka, mteremko, nyaya za umeme na mifugo, na hapo tu hutafuta chanzo cha hitilafu. Mpangilio huo una sababu: mwendo ukipotea, mengine yote hayana maana. Anayeanza kwa kuhangaikia swichi huku pua ya ndege ikiinuka ameonyesha kwamba orodha ameikariri lakini hajaielewa.

Somo la tatu ni mtu, na hapa ndipo taaluma ilipopiga hatua kubwa. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwaweka wanafunzi 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vyombo katika hali ya kutoona nje, kama waliomo ndani ya wingu. Wote 20 walishindwa kuidhibiti ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Masikio ya ndani ya binadamu humdanganya kuhusu juu na chini pale macho yanapokosa upeo. Kutokana na ujuzi wa namna hii, mwanafunzi wa leseni binafsi hufunzwa kugeuka nyuma kwa kutegemea vyombo, na mtahini hulijaribu jambo hilo. Lakini swali la maana zaidi ni kwa nini aliingia kwenye wingu. Vitabu vya mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, vinataja tabia tano zinazowaponza marubani: kudharau kanuni, pupa, kujiona baya halimpati, kutaka kujionyesha, na kukata tamaa. Mwaka 2016 mamlaka hiyo ilibadilisha viwango vya mtihani wa rubani binafsi ili kila kazi ipimwe kwa mambo matatu pamoja: maarifa, udhibiti wa hatari, na ustadi.

Kuhusu alama, Ulaya humruhusu mtahiniwa kupotoka futi 150 za kimo na digrii 10 za mwelekeo katika safari ya kawaida. Wengi hudhani ukizidi hapo umeanguka. Sivyo moja kwa moja. Viwango vya Marekani vinamfelisha anayezidi mara kwa mara, au anayezidi bila kurekebisha upesi. Pia vinamfelisha anayemlazimisha mtahini kuingilia kati ili safari ibaki salama. Aliyepotoka futi 200, akaona, akarudi, amejionyesha kuwa rubani kuliko aliyebahatika kutopotoka. Kanuni za nchi hiyo zinaliweka wazi zaidi: kwa kawaida mtahini si rubani kiongozi wa safari ya mtihani. Kiongozi ni mtahiniwa.

Mijadala haijaisha. Wapo wanaosema safari moja ni kipimo chembamba mno, na kwamba woga wa siku ile huwaumiza watu wazuri. Wapo wanaojibu kwamba rubani atakutana na woga kwa vyovyote, basi aonekane akiwa nao. Wapo wanaotaka alama za mwalimu wa mafunzo zihesabiwe, na wanaopinga kwa kuwa mwalimu hawezi kuwa hakimu wa kazi yake mwenyewe. Kila upande una hoja, nawe usiharakishe kuchagua.

Ukitaka kuanza, anza na kitabu cha maelekezo cha ndege moja ndogo, usome kurasa za uzito na za urefu wa njia hadi uzielewe. Kisha muulize rubani yeyote ni lini mara ya mwisho alighairi safari, na kwa nini. Sikiliza jibu lake kuliko hadithi zake za ushujaa. Na kama siku moja utakaa kiti cha mtahiniwa, ukaliona wingu limeshuka, kumbuka kwamba katika mitihani ya Marekani kuahirisha kwa sababu ya hali ya hewa si kufeli. Yale uliyokwisha kufaulu huhesabiwa kwa siku 60. Mwambie mtahini wako, bila kuomba radhi, kwamba leo hamruki.