Sajini Meja na Mkewe Katika Mji wa Funchal

Katika Bahari ya Atlantiki, yapata kilometa 1,000 kutoka Lisbon, kuna kisiwa cha milima kiitwacho Madeira, ambacho kiko karibu zaidi na pwani ya Moroko kuliko na Ureno inayokitawala. Jina hilo maana yake ni mbao, kwani mabaharia wa Kireno waliofika huko mwaka 1419 walikikuta kimefunikwa na msitu, bila mkazi hata mmoja. Mji wake mkuu, Funchal, ulipewa jina la mmea wa shamari uliokuwa umeota hapo kwa wingi. Hali ya hewa ya huko haina joto kali wala baridi kali, na ndiyo sababu watu wa Ulaya wamekuwa wakienda kupumzika huko tangu karne ya 19.

Hivi karibuni mwandishi wa makala haya alizungumza na sajini meja mmoja mstaafu pamoja na mkewe, ambao binti yao, muuguzi katika nchi ya Uingereza, aliwalipia nauli na chumba cha siku kumi katika mji huo. Majina yao hayatajwi kwa ombi lao wenyewe. Itoshe kusema kwamba Afande huyo alitumikia jeshi kwa miaka 27, na kwamba alikwenda Somalia mara tatu baada ya kikosi cha kwanza cha Uganda kutua Mogadishu mwezi Machi 2007. Mkewe alipopiga hesabu aliona kuwa katika miaka yote ya ndoa yao hawakuwahi kukaa chini ya paa moja kwa zaidi ya miezi mitano mfululizo. Aidha, ndani ya sanduku la Afande zilikuwamo karatasi za mkataba wa miaka miwili wa kazi ya ulinzi ng'ambo, zikisubiri sahihi yake. Mkewe alijua zimo. Ndugu askari na polisi, wengi wenu mnaifahamu hali hiyo bila kuelezwa.

Kutua Madeira si jambo la kawaida. Uwanja wa ndege ulipofunguliwa mwaka 1964, njia yake ilikuwa na urefu wa meta 1,600 tu, ikiwa imebanwa kati ya mlima na bahari. Tarehe 19 Novemba 1977, wakati wa mvua, ndege aina ya Boeing 727 ilishindwa kusimama na kuporomoka mwishoni mwa njia hiyo, na kati ya watu 164 waliokuwamo wakafa 131. Leo njia ina urefu wa meta 2,781, na sehemu yake kubwa imelazwa juu ya nguzo 180 za zege zilizosimikwa ukingoni mwa bahari, kazi iliyokamilika mwaka 2000. Afande alizitazama nguzo hizo kwa makini walipokuwa wakipita chini yake kwa gari. Mkewe anakiri kwamba yeye hakuona kitu, kwa kuwa macho aliyafumba tangu ndege ilipoanza kuteremka na hakutaka kuyafumbua mapema.

Asubuhi ya kwanza Afande aliamka saa kumi na moja alfajiri, kama alivyozoea, akatoka bila kusema neno. Alirudi saa tatu akiwa na ramani aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe, ikionyesha bandari, kituo cha polisi, hospitali, na njia mbili za kurudia hotelini. Alimkuta mkewe ameketi kitandani, amekwisha kuvaa, mkoba mapajani.

"Mzee," alisema mama huyo, "nimekuja hapa kutembea na mtu, au na ripoti yake?"

Siku hiyo walitembea pamoja lakini hawakuongea sana. Waliziona njia za miguu zilizotandazwa mawe meusi na meupe kwa michoro ya mawimbi, wakaingia katika kanisa kuu lenye dari ya mbao za mwerezi lililokamilika mwanzoni mwa karne ya 16. Jioni walikula mkate waliokwenda nao kutoka Entebbe.

Siku ya pili mama ndiye aliyeongoza, na ramani ikabaki chumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye soko kuu, Mercado dos Lavradores, yaani Soko la Wakulima, lililofunguliwa mwaka 1940. Humo alikuta vitu vya nyumbani. Mapapai yalikuwapo, na viazi vitamu, na miwa, na ndizi fupi tamu mfano wa ndizi sukari zetu, na matunda ya pasheni ya aina ambazo hata sisi hatunazo. Wauzaji wa hapo wana desturi ya kuwaonjesha wageni matunda kisha kuwatajia bei ya kushangaza. Mama hakuonja kitu. Alisimama kando mpaka alipoona mahali wanaponunulia bibi vizee wa mji, akapanga mstari nyuma yao. Kwa maoni yangu, upelelezi huo ulizidi ule wa alfajiri.

Upande wa samaki waliona kiumbe ambaye Afande hatamsahau: mrefu, mwembamba, mweusi kama mkanda wa bunduki, mwenye macho makubwa na meno ya kutisha. Wareno humwita espada, yaani upanga. Huishi katika kina cha mamia ya meta hata kupita 1,000, na wavuvi humtega usiku kwa kamba ndefu zenye ndoana nyingi. Chakula chenye sifa kisiwani ni minofu yake iliyokaangwa na kuliwa pamoja na ndizi mbivu ya kukaanga. Walikula chakula hicho mchana pamoja na mkate wa bolo do caco, ambao unga wake wa ngano huchanganywa na viazi vitamu. Mama alisema ndizi ingefaa ipikwe ikiwa mbichi.

Alasiri ilikuwa zamu ya Afande kuchagua, naye akachagua ngome ya São Lourenço iliyo karibu na bandari. Hapo pana historia inayowahusu wasomaji wetu. Vijana wa Madeira, kama vijana wengine wa Ureno, waliandikishwa jeshini na kupelekwa kupigana Angola, Gine na Msumbiji kati ya mwaka 1961 na 1974, dhidi ya wapigania uhuru ambao wengine wao, yaani wale wa FRELIMO, walifunzwa katika makambi ya Tanzania. Maafisa wa jeshi waliochoshwa na vita hivyo walipoipindua serikali mjini Lisbon tarehe 25 Aprili 1974, Waziri Mkuu Marcello Caetano na Rais Américo Tomás walisafirishwa mpaka Funchal, wakashikiliwa huko mpaka walipopelekwa Brazili mwezi uliofuata. Caetano alikaa ndani ya kuta hizo hizo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Juni 1975, Msumbiji ikawa huru.

Siku ya tatu walipanda kwa magari ya kamba ya chuma mpaka Monte, juu ya mji. Katika kanisa la huko amezikwa Karl, Mfalme Mkuu wa mwisho wa Austria na Hungaria, aliyeongoza majeshi yake katika Vita Kuu ya Kwanza, akashindwa, akahamishiwa Madeira mwezi Novemba 1921. Alikufa kwa kichomi tarehe 1 Aprili 1922, akiwa na umri wa miaka 34 tu. Mkewe Zita alikuwa na mimba ya mtoto wa nane. Hakuolewa tena, alivaa nguo nyeusi mpaka alipofariki mwaka 1989, akazikwa Vienna.

"Kwa hiyo hata kaburini hawako pamoja?" aliuliza mama.

Afande anasema hakupata la kumjibu.

Kutoka Monte watu huteremka kwa vikapu vya fito vilivyowekwa juu ya mbao za kuteleza, kiasi cha kilometa mbili, wakisukumwa na wanaume wawili waliovaa nguo nyeupe na kofia za majani, ambao breki yao ni nyayo za viatu vyao. Usafiri huo ulianza katikati ya karne ya 19. Mtu aliyepita barabara za Somalia zilizotegwa mabomu alikataa katakata kuingia. Mama aliingia, akamshika mkono, naye akaingia.

Siku ya nne walifuata mfereji mmoja wa levada. Mifereji hiyo, yenye urefu wa jumla unaozidi kilometa 1,000, huchukua maji kutoka kaskazini yenye mvua nyingi na kuyaleta kusini penye mashamba. Wajenzi wake wa zamani, na watumwa kutoka Afrika walikuwamo, walichonga majabali huku wakining'inia kwa kamba. Njia ya pembeni ni nyembamba, inamtosha mtu mmoja. Afande alimwacha mkewe atangulie, na kwa mwendo wa saa tatu alitembea nyuma yake, akimsikia akiimba.

Nilipomuuliza habari za mkataba, alisema kampuni imempa muda mpaka mwisho wa mwezi. Mama alinyanyua birika, akaniongezea chai.