Kompyuta ya Kikundi Ikiwa Bubu: Fuata Bomba la Sauti



Kikundi kimoja cha kina mama ninachokitembelea kina kompyuta moja iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika. Inatumia Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux. Hii ni programu huria: hulipi leseni, na waweza kumpa jirani nakala bila kuvunja sheria. Kina mama huweka humo hesabu za mikopo, na Jumamosi huonyesha video za mafunzo ya kilimo.

Siku moja waliazima televisheni, wakaiunganisha na kompyuta kwa waya wa HDMI. Mafunzo yakaenda vizuri. Televisheni iliporudishwa kwa mwenyewe, kompyuta ikawa bubu kabisa. Fundi akaitwa, akasema, "Kadi ya sauti imekufa, nunueni ingine." Mwekahazina akatoa pesa kwenye sanduku.

Kumbe kadi ilikuwa nzima! Sauti ilikuwa bado inatumwa kwa ile televisheni ambayo haipo tena.

SAUTI HUPITA WAPI?

Wengi wetu tumechimba mitaro ya mradi wa maji. Basi tufikirie sauti kama maji. Tangi ni programu inayocheza video. Sauti ikitoka hapo huingia kwa programu ya kuigawa, ambayo ni kama valvu kuu. Ubuntu ilianza kutumia PulseAudio kwa kazi hii mwaka 2008. Tangu toleo la 22.10 la mwaka 2022, kazi hiyo hufanywa na PipeWire. Kutoka hapo sauti hupita kwa ALSA, sehemu ya Linux inayozungumza na kadi yenyewe. Mwisho kuna mifereji: mmoja wa spika, mwingine wa HDMI.

Maji yakikosa jikoni, hatukimbilii kununua tangi. Twafuata bomba, valvu baada ya valvu. Na hapa ni vivyo hivyo.

HATUA ZA KUFUATA

1. Anza na waya. Je, spika zina stima? Kitufe chake cha sauti kimefunguliwa? Kwenye kompyuta ya mezani, waya wa spika kwa kawaida huingia tundu la kijani. La waridi ni la maikrofoni. Chomoa pia hedfoni, kwa maana zikiwa ndani, spika hunyamazishwa.

2. Tazama sauti inaelekezwa wapi. Fungua "Settings", kisha "Sound", uangalie "Output". Ukikuta HDMI, chagua mahali palipoandikwa "Speakers" au "Analog".

3. Kama bado, tumia pavucontrol. Fungua dirisha la amri, yaani "Terminal", na kama kuna intaneti andika:

sudo apt install pavucontrol

Ifungue video ikiwa inacheza. Kwenye "Playback", kipimo kikichezacheza, tangi lina maji. Shida iko mbele. Nenda "Configuration". Ukikuta "Off", kadi imefungwa. Chagua "Analog Stereo Output".

4. Angalia valvu za kadi. Andika alsamixer, bonyeza F6, uchague kadi yako. Tazama nguzo za "Master", "Speaker" na "Headphone". Herufi MM chini ya nguzo maana yake imefungwa. Bonyeza M kuifungua, kisha mshale wa juu kuongeza sauti. Ukiona "Auto-Mute Mode", iweke "Disabled", kwa sababu tundu la hedfoni lililoharibika laweza kuidanganya kompyuta kwamba kuna hedfoni ndani. Toka kwa Esc.

5. Uliza kama kadi inaonekana. Andika aplay -l (hiyo ni L ndogo). Kadi ikitajwa, Linux inaiona. Jaribu spika kwa:

speaker-test -c 2 -t wav

Utasikia sauti ya kushoto, kisha ya kulia. Kusimamisha, bonyeza Ctrl na C pamoja.

KADI ISIPOONEKANA

Washa kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu, ukichagua kujaribu bila kusakinisha. Sauti ikitoka, kadi ni nzima. Mipangilio ndiyo yenye kasoro. Isipotoka hata hapo, sasa ndipo tushuku kadi au programu yake ya kuiendesha. Na hata hivyo, kuna kadi ndogo za sauti za kuchomeka kwenye tundu la USB, bila kufungua kompyuta.

Wale kina mama hawakufika mbali hivyo. Katibu wao, ambaye hajawahi kusomea kompyuta, alifanya hatua ya pili kwa mkono wake, na sauti ikarudi. Mwekahazina akarudisha pesa kwenye sanduku mbele ya wote.

Nawasihi, kila kikundi kiteue watu wawili wajifunze hatua hizi, na waandike kwenye daftari kila wanachobadilisha. Fundi ni mtu wa maana, lakini aitwe baada ya sisi wenyewe kufuata bomba. Pesa za sanduku ni jasho la wengi.